Waliosema "ng'oa tu, litaota jingine" waje wamwone Junia akicheka

Nianze na madaktari wa mtaani, maana hasira zangu nyingi ziko kwao. Mwanangu alipoanguka shuleni akamegeka jino la mbele la juu, kila aliyepita barazani kwangu alikuwa na tiba yake. Msukutue kwa maji ya chumvi. Mwekee karafuu. Ng'oa tu, Mama Junia, litaota jingine. Litaota kutoka wapi? Mtoto alikuwa anakaribia miaka 8, jino lenyewe la kudumu, limechomoza juzijuzi. Hata zahanati tuliyomkimbiza walisema ni la utoto, wakatupa panadol, tukarudi nyumbani.

Baadaye jino likaanza kuwa la kijivu. Kikatokea kijipu kwenye fizi, juu yake kidogo: kinapasuka, kinatoa usaha, kinafunga, kinarudi. Mtoto halii, anakula vizuri, na hapo ndipo wazazi tunapodanganyika. Usaha ukishapata pa kutokea maumivu hupoa, kumbe jino limeshakufa ndani.

Kliniki ya kwanza ya meno tuliyokwenda ilikuwa sinema. Daktari akachoma ganzi, akatoboa jino, akaanza kulitibu mzizi kama la mtu mzima. Kile kisindano cha kusafishia kikapita moja kwa moja hadi nje ya mzizi. Junia akaruka kitini, bilauri ya maji ikaishia kwenye sketi yangu. Daktari akajaribu kijiti cha kuzibia, kikazama chote kikawa kinachezacheza mle ndani. Akachukua kinene zaidi, nacho kikazama. Akatoka kwenda kupiga simu, sisi tumekaa, mtoto mdomo wazi. Aliporudi akaweka kipamba, akaandika amoksilini na metronidazo, akasema tuliache lipumue, likisumbua tuling'oe. Lipumue! Siku hiyohiyo jioni nilichokonoa mbegu ya nyanya kwenye tundu lile. Kijipu nacho kilitulia mpaka vidonge vilipoisha, kikarudi na nguvu mpya.

Binamu yangu ndiye aliyetuelekeza kwa bingwa wa meno ya watoto. Huyu mama alitundika eksirei kwenye taa, akatuonyesha jino la pembeni na hili letu tulinganishe. "Baba na mama, mzizi wa jino la mbele huendelea kujijenga kama miaka 3 baada ya jino kutoka. Kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino, kikifa kabla ya hapo, kazi inasimama." Kweli, ukuta wa mzizi ulikuwa mwembamba, na ncha ambayo ilitakiwa kufunga ilikuwa wazi kama mdomo wa tarumbeta. Ukiziba kwa njia ya kawaida, dawa haina pa kugotea.

Baba Junia bado alikuwa anauliza bei ya kung'oa. Akaambiwa jino la kupandikiza haliwekwi mpaka taya limalize kukua, la sivyo lenyewe linabaki juu huku wenzake wanashuka, na mfupa pale palipong'olewa utakuwa unasinyaa. Njia ya zamani ni kujaza dawa ya kalisiamu haidroksaidi na kuibadilisha kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, hadi ncha ijifunge. Lakini dawa hiyo ikikaa muda mrefu mzizi unakuwa dhaifu na unaweza kuvunjika. Siku hizi huziba ile ncha kwa dawa iitwayo MTA, iliyotoka chuo cha Loma Linda, California, miaka ya 1990. Mume wangu akauliza imetengenezwa na nini. "Asili yake ni saruji ya Portland, imesafishwa na kuongezewa vitu vichache."

Mwanaume ni fundi ujenzi. Alikaa wima. Akauliza inakauka kwa muda gani, akaambiwa saa kadhaa, na inahitaji unyevu, kwa hiyo kipamba chenye maji huachwa juu yake. "Kwa hiyo mnamwagilia!" Tangu hapo habari ya kung'oa ilikufa, na mtaani anaeleza yeye kana kwamba ndiye aliyeichanganya.

Tatizo likabaki kwa Junia. Bingwa hafanyi kazi bila ile shiti ya mpira inayofunika mdomo jino likabaki peke yake nje, kwa sababu mate yakiingia ni kazi bure, na dawa ya kuoshea ni ya klorini. Kijana kuiona tu akaanza kutapika. Hapa nitajisifu bila aibu. Nikaomba kipande cha mpira ule, na kwenye foleni nikarekodi kelele za mashine kwa simu. Kila usiku baada ya chakula: lala kwenye kochi, tochi usoni, mpira mdomoni, pumua kwa pua, mashine inalia, halafu juu yake nasikilizisha utangazaji wa mechi ya Yanga. Akiinua mkono, nazima. Mwanzoni aliinua mkono kila sekunde. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anasinzia, dada yake anadai zamu.

Siku ya kazi alilala kama mzee kinyozini. Bingwa aliosha polepole mno, maana klorini ikisukumwa ikapita ncha iliyo wazi uso mzima unaweza kuvimba. Akaweka dawa ya kukausha usaha, tukarudi wiki zilizofuata akaweka saruji, milimita 4 au 5 hivi pale nchani, eksirei, kipamba chenye maji. Ziara nyingine ndio akaziba juu na kujenga kile kipande kilichomegeka. Gharama? Bima ilibeba sehemu, sisi tukatoa malaki ya kutosha kusimamisha plasta ya chumba cha nyuma. Jino lina ukijivu kidogo karibu na fizi, eksirei za kuangalia zinaendelea, ila kijipu hakijarudi.

Juzi binti wa jirani kaanguka na baiskeli. Nimewatoa mbio siku hiyohiyo, kipande cha jino ndani ya kikombe cha maziwa. Kiini kilikuwa hai. Wakakata kidogo tu juu, wakafunika, kipande wakakigandisha mahali pake, na mzizi unatarajiwa kumaliza kukua wenyewe. Wamelipa robo ya tulicholipa sisi, na nauli ya bajaji wamenikopa mimi.