Wharram Percy, kitongoji kilichopisha kondoo

Nilikuwa naenda Wharram Percy, kijiji kilichohamwa kaskazini mwa Uingereza. Nilipanda treni kutoka York hadi Malton, kisha teksi ikanipeleka juu ya vilima vya Yorkshire Wolds. Ardhi yake ni ya chaki. Mvua ikinyesha maji huzama upesi, kwa hiyo penye chemchemi ndipo watu walipojenga. Kutoka maegeshoni nilishuka bondeni kwa miguu, zaidi ya kilomita moja ya matope yanayong'ang'ania viatu. Mwanzoni niliona majani, ng'ombe na kanisa lisilo na paa, basi.

Macho yakazoea. Matuta niliyokuwa nayaruka yalikuwa misingi ya nyumba, moja baada ya nyingine, zimepangana kando ya njia. Penye pengo la mlango mmoja nilisimama nikapiga hodi kabla ya kuingia. Ndivyo nilivyolelewa, na nyumba ni nyumba hata kama kuta zimebaki kimo cha kifundo cha mguu.

Wengi hudhani vijiji vya namna hii viliangamizwa na tauni ya 1348 na 1349. Tauni ilifika, lakini walionusurika waliendelea kulima. Kilichowaondoa ni sufu. Kondoo mia na mchungaji wao walimpa mwenye ardhi faida kubwa kuliko wakulima na nafaka zao, na muda mfupi baada ya 1500 familia za mwisho zikafukuzwa. Inaniuma. Ardhi haikuwa imewashinda watu hawa, walinyang'anywa.

Tunayajua haya kwa sababu mwanahistoria Maurice Beresford alianza kuchimba hapa 1950, mwanaakiolojia John Hurst akajiunga naye muda mfupi baadaye, na uchimbaji ukarudiwa kila kiangazi hadi 1990. Miaka arobaini kwa kijiji kimoja! Kwenye eneo la kanisa peke yake walifukua mifupa ya watu karibu 700.

Kanisani ndiko nilikokaa zaidi. Nusu ya mnara imeanguka, ila ukuta wa ubavuni umesimama, na ndani yake yanaonekana matao yaliyozibwa kwa mawe. Zamani yalikuwa wazi, yakiingia kwenye mabawa ya kanisa. Waumini walipopungua, mabawa yalibomolewa na matao yakazibwa ili jengo litoshane na waliobaki. Niliweka kiganja kwenye mawe ya tao moja. Yalikuwa baridi, na mafundi walikuwa wameyapanga vizuri, kwa uangalifu.