Mfupa wa Olorgesailie

Binti yangu kaja na kazi ya shule: mamothi mwenye manyoya hadi miguuni, kasimama kwenye theluji. Kampaka rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza, "Baba, na sisi huku tulikuwa na wetu wa zamani?"

Tulikuwa naye. Mimi nimemwona mguu.

Mnajua mzee alivyokuwa na lori lake, magadi kutoka ziwani hadi Nairobi, na mimi kila likizo nimebanwa kati yake na tanboi. Agosti moja rejeta ikachemka karibu na Olorgesailie. Maji tukayapata pale kwenye makumbusho ya mabaki ya kale, na injini ikipoa, mwelekezi mmoja mwenye mvi akatuita. "Njoo, dere, uone mifupa. Leo hakuna wageni."

Shoka za mawe, zile zilizowashangaza akina Leakey, wale watafiti wa mambo ya kale, mwaka 1942, nilizipita mbio. Niliganda kwenye mfupa. Ndovu wa kale alikuwa amebaki na mguu tu, umelala palepale ulipofukuliwa, na kando yake wameuweka mfupa kama huo wa ndovu wa siku hizi. Huu wa sasa ungedhani ni wa ndama. Baba alivua kofia, akachuchumaa, akaanza kupima kwa shubiri hewani, bila kugusa: moja, mbili, tatu. Akapoteza hesabu. Akarudi mwanzo, midomo ikicheza, vumbi jeupe la magadi likiwa bado limemganda kwenye kucha. Sikuwahi kumwona akichukua muda hivyo juu ya kitu kisicho na magurudumu.

Mwelekezi akasema dume la jamii hiyo lilipita mita 4 begani, na kwamba hapo Olorgesailie, karibu miaka milioni moja iliyopita, watu walimchuna mmoja wao kwa mawe makali.

"Sasa mkubwa kafa, mdogo kabaki?" baba akauliza.

"Mkubwa alishikilia nyasi, dere. Meno yake yalikuwa ya nyasi. Huyu mdogo anakula nyasi, majani, magome, chochote. Mvua zilipoanza kuyumba, nani angepona?"

Baba alicheka hadi Kiserian. Kuanzia siku hiyo, aliyesukuma sahani ya sukumawiki nyumbani aliletewa habari za ndovu.

Miaka ikaenda. Mwenye malori akauza malori, na mzee, ambaye maisha yake yote alijua barabara ile moja na mzigo ule mmoja, akakaa nyumbani. Tulimtafutia matatu, akakataa. Teksi, akakataa. Siku moja nikachoka, nikamkumbusha yule ndovu wa nyasi.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Hao wa nyasi waliishi muda gani kabla ya kwisha?"

Nilikuwa nimeshasoma. "Zaidi ya miaka milioni mbili."

"Kwa nyasi tu?"

"Zaidi nyasi."

"Haya. Niongezee chai."