Kadi mbili za mama mdogo

Jamani hili jambo limenikaa moyoni tangu mwaka juzi, leo naliandika. Mama mdogo wangu (kaniruhusu, kasema tu nisimtaje jina) yupo kwenye ARV miaka mingi, ni wale wa mwanzo mwanzo kabisa, serikali ilipoanza kuzitoa bure 2004 na kuendelea. Hajawahi kukosa kliniki. Hata zile mvua za Dar zinazofunga barabara pale Jangwani, yeye alfajiri ashatoka. Akipimwa wingi wa virusi majibu yanarudi mazuri, vimefubaa mpaka havionekani, manesi wa CTC (kliniki ya VVU) walikuwa wanamtolea mfano kwa wenzake.

Na huyo huyo ndo akaanguka bafuni kwa kiharusi.

Tunamfikisha hospitali presha 210 kwa 120. Daktari anauliza presha kaanza lini, tukabaki tunaangaliana. Nikachukua kadi yake ya CTC nikaipekua pale pale kwenye benchi, uzito umeandikwa, dawa zimeandikwa, tarehe za kurudi zote zipo, presha hamna kitu. Yaani miaka yote hiyo anaonana na wahudumu na hakuna aliyemfunga ule mkanda mkononi. Si kwamba walikuwa wabaya, hapana, mashine ilikuwa jengo la pili, na presha ilikuwa na siku yake, foleni yake na kadi yake, mama mdogo akaona siku ya CTC inamtosha maana nauli ni ile ile anayotafuta kwa kukaanga maandazi.

Mi nilikuwa sijui kwamba mtu anayeishi na VVU ana hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa karibu mara mbili ya asiye navyo, hata kama dawa anameza vizuri. Presha nayo haipigi hodi, unatembea nayo 180 na unacheka na majirani.

Nikaanza kusoma. Kumbe kuna utafiti ulifanyika Tanzania na Uganda, unaitwa INTE-AFRICA, vituo 32, majibu yakatoka kwenye jarida la Lancet 2023. Walichukua watu wa VVU, wa kisukari na wa presha wakawahudumia kliniki moja, mapokezi yale yale, daktari yule yule, dirisha la dawa lile lile. Hofu ilikuwa kwamba ukichanganya utaivuruga huduma ya VVU iliyojengwa kwa shida sana. Haikuvurugika, waliofubaza virusi walikuwa kama asilimia 97, sawa na wale wa kliniki za kawaida.

Ila kwangu mimi kubwa ni lile benchi. Ukikaa katikati ya mzee wa sukari na bibi wa presha, nani atajua wewe umefuata nini? Mama mdogo alivyosikia hilo alikaa kimya muda, akasema miaka yote alikuwa anajifunika ushungi mpaka puani akipita lile geti.

Sasa hivi tumemhamishia kituo kingine, hapo wanampima presha kabla hajaingia kwa daktari na vyote vinaandikwa sehemu moja, tarehe ya kurudi ni moja. Mkono wa kushoto haujarudi vizuri, kopo la ARV analibana kwa magoti ndo alifungue kwa mkono wa kulia, hataki kusaidiwa.

Lakini kupima bila dawa ni nusu ya kazi, na hapa ndo nina uchungu. ARV zina wafadhili na zina njia yake ya kufika, haziishi ovyo. Amlodipine, kidonge cha presha cha bei ndogo tu, ndo utaambiwa hakipo. Juzi tumeenda, dirisha lile lile moja, akapewa ARV za miezi 6 mkononi, za presha akaandikiwa kwenye kikaratasi tukanunue nje. Tumenunua za mwezi mmoja.