Moshi wa tezabu si wa kuuzoea

Ami yangu ni sonara hapa Mji Mkongwe, duka liko mbele na anafanyia kazi nyuma, kijichumba hakina hata dirisha. Mie nimekulia mule, nikitoka chuoni naenda kumkalia nitizame dhahabu inavoyayuka.

Basi masika moja mteja kaleta bangili kongwe za bibi yake, ami kataka kuisafisha dhahabu kwanza, katia tezabu, ile asidi kali ya masonara, na mlango kaufunga kwa ajili ya mvua. Tezabu ikila ile fedha na shaba iliyochanganywa humo inatoa moshi wa kahawia, unakereketa koo kidogo tu. Akakohoa, akanywa maji, akaswali ishaa, akala na sisi mzima kabisa. Saa nane usiku pumzi haziingii, midomo imebadilika rangi, tukambeba mbio mpaka hospitali.

Daktari akatwambia gesi ile ndo tabia yake, inaingia mapafuni bila ya kuumiza sana halafu masaa mengi baadae, hata siku nzima, mapafu yanajaa maji. Kwa hivo mtu kavuta moshi ule na anasema mie mzima, msimwache akalale, mpelekeni wallahi mpelekeni.

Alhamdulillah alirudi. Toka siku ile nikaanza kuuliza na mengine. Lehemu ya fedha, ile inayoyayuka upesi, nyengine ina kadimiamu, mvuke wake unaharibu mapafu na figo, zipo zisokuwa nayo, ulizeni kabla hamjanunua. Na dhahabu ya wachimbaji wadogo wa bara hukamatwa kwa zebaki, hata ikishachomwa kule zebaki nyengine inabaki ndani, sonara akiiyayusha mvuke wake unampiga usoni.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wanaojifunza kazi, maana tezabu ndo wanaachiwa wao, mmoja wa kwa ami ana miaka 17 na anajifunga kitambaa puani akidhani kinazuia, gesi haizuiliwi na kitambaa. Nikamwambia ami kwa adabu. Akanijibu, "Mwanangu, babu yako kaifanya kazi hii umri wake wote." Nikamwambia ami, babu alikuwa akifanyia uwani, hiki kijichumba kilikuwa hakijajengwa. Akanyamaza kimya.

Sasa tezabu inapandishwa juu kule tunakoanika nguo, upepo unapita, na kukinyesha kazi inangoja. Feni ya kutolea moshi wa lehemu tushanunua, fundi umeme anakuja kuifunga Jumamosi.