Ndizi na karafuu ambazo hakuna aliyezitia

Mtu akionja Hefeweizen, bia ya ngano ya Bavaria kule Ujerumani, mara ya kwanza, swali huwa lilelile: humu wametia ndizi? Hawakutia. Wala karafuu haimo. Kwa anayeijua mbege ya Wachaga, ambayo ndizi zake zimepikwa kwelikweli, jambo hili linaudhi kidogo. Bia ya Bavaria inanukia ndizi mbivu na kiwandani hakuna hata ganda.

Kadiri ninavyoifikiria bia hii, ndivyo ninavyoona kwamba ngano inasifiwa kwa kazi ya hamira. Si kwamba ngano imekaa bure. Sheria ya Ujerumani inataka angalau nusu ya kimea kiwe cha ngano, na watengenezaji wengi hupanda hadi asilimia 60 au 70. Protini ya ngano ndiyo inayolipa povu unene na kulifanya likae, na ndiyo inayoifanya bia iwe laini mdomoni. Lakini punje ya ngano haina ganda gumu kama la shayiri. Ukitumia ngano peke yake, uji wa kimea unashikana na kuziba chujio, hivyo shayiri inabaki humo kwa ajili ya maganda yake kama ilivyo kwa ladha. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ni kidogo sana; uchungu hauzidi 15 kwa kipimo cha IBU, basi hakuna kitu cha kuifunika hamira.

Harufu ya ndizi inatokana na kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo hamira huitoa inapochachua. Ya karafuu ina njia ndefu zaidi. Ndani ya nafaka mna asidi ya feruliki, na hamira ya aina hii huigeuza kuwa kitu chenye harufu ya karafuu. Mpishi anayeitaka karafuu hutuliza uji wa kimea kwenye nyuzi 43 hadi 45 kwa robo saa hivi kabla ya kuongeza moto, ili asidi hiyo iachiliwe kutoka kwenye nafaka. Akiiruka hatua hiyo, ndizi inatawala. Halafu kuna joto la kuchachulia: kwenye nyuzi 17 hivi vitu viwili hivi vinakwenda sambamba, kwenye 22 ndizi inapanda juu, na ukizidisha hapo unapata harufu ya bazoka au hata ya rangi ya kucha. Umbo la pipa nalo lina neno. Shinikizo la tangi refu lililofungwa huibana harufu ya ndizi, ndiyo maana kiwanda cha Schneider kule Kelheim, Bavaria, bado wanachachulia kwenye mapipa yaliyo wazi.

Ukitaka kuisikia tofauti, weka Schneider Weisse Original kando ya Weihenstephaner. Ya kwanza ina rangi ya kaharabu iliyokolea na inaegemea karafuu. Ya pili ni ya njano na ndizi yake haijifichi. Kabla ya kuonja, nusa kikonyo kimoja cha karafuu kavu, kisha ndizi iliyoanza kuwa na madoa. Pua ikishakumbushwa, vitu hivyo vinajitenga vyenyewe kwenye glasi.

Kumimina ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu bia hii ina gesi nyingi: gramu 6 hadi 8 kwa lita, wakati lager ya kawaida ina kama 5. Chupa iwe na nyuzi 7 au 8. Ikitoka kwenye friza hutanusa kitu. Glasi ni ile ndefu ya nusu lita, yenye kiuno na nafasi ya povu juu. Isuuze kwa maji baridi na usiikaushe, maana glasi kavu hurusha povu lote kwa mkupuo, na yenye mafuta hulizima. Ilaze glasi, mimina taratibu ukutani kwake, ukiinyanyua kadiri inavyojaa. Bakiza vidole viwili vya bia chupani. Hapo usinywe bado: nusa kwanza na uonje hiyo iliyo juu, kisha zungusha chupa hadi masimbi ya hamira yachanganyike, uyamimine. Bia inakuwa na ukungu, inanenepa, na harufu ya mkate mbichi inaingia. Kipande cha limau? Mafuta ya ganda lake yanaua povu na kuzika ndizi. Mimi sikitaki.

Makosa yanatambulika kwa pua. Karatasi iliyolowa ni hewa na umri. Harufu ya kicheche ni mwanga uliopiga chupa, hasa ya kijani au nyeupe. Harufu ya mchuzi wa nyama au sosi ya soya ni hamira iliyokufa na kuvunjikavunjika ndani, na hii ndiyo nisiyoshangaa kuikuta kwenye chupa zilizosafiri kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa kisha zikakaa ghala lenye joto. Plasta ya hospitali ni klorini ya maji au vijidudu vilivyoingia. Soma lebo palipoandikwa "mindestens haltbar bis", yaani "bora kabla ya", uchague chupa ambayo tarehe yake iko mbali, na uiache ile iliyokaa dirishani dukani. Nyumbani isimamishe wima mahali penye giza na baridi; ukiilaza, masimbi yanatanda ubavuni na kumimina kunakushinda.

Kwa vile Hefeweizen ni ya kunywa ingali mpya, usiwe na hamu ya kuitunza. Inayovumilia ni Weizenbock, ndugu yake mwenye kilevi kikali zaidi, kama Aventinus ya asilimia 8.2, ambayo Schneider walianza kuipika mwaka 1907: ndizi yake hufifia polepole na kuacha zabibu kavu na sukari iliyoungua. Berliner Weisse, bia nyingine ya ngano, si ya ukoo huu kabisa. Ile ni chachu kwa bakteria wa maziwa mgando, ina asilimia 3 hivi tu, na Berlin huitia sharubati nyekundu ya rasiberi au ya kijani ya waldmeister, mmea wa porini. Ndizi na karafuu usizitafute humo.