Siku moja na vishimo 96

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi mkononi, akili imeshatangulia maabara. Jana jioni niliacha pleti mbili, vibao vya plastiki vyenye vishimo 96 kila kimoja vya kupimia dawa dhidi ya bakteria, kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, nyuzijoto 35, na usiku huku kwetu Mbagala umeme ulikatika. Jenereta la kazini huwa linawaka lenyewe, lakini hiyo "huwa" haimpi mtu usingizi.

Saa 1:40. Nimekimbilia kipimajoto kabla ya kusalimia mtu. 35. Haya sasa, shikamoo mama, mmeamkaje hapa mapokezi?

Saa 2. Mgonjwa simjui kwa jina, ni namba tu: bakteria aitwaye Klebsiella aliyeoteshwa kutoka kwenye damu, antibiotiki ya seftriaksoni haimsumbui, meropenemu, antibiotiki nyingine, nayo imegonga mwamba. Tunataka kuona meropenemu ikishikana na antibiotiki ya tatu, kolistini, itakuwaje. Watu hudhani dawa mbili lazima zizidi moja. Septrini kweli ni dawa mbili zinazobebana, kila moja inaziba hatua yake kwenye njia ileile ya bakteria kutengeneza foleti, vitamini wanayoihitaji ili waongezeke. Lakini utafiti uliotoka 2018, wa wagonjwa 406 wa Israeli, Ugiriki na Italia, haukuona kolistini na meropenemu zikiishinda kolistini peke yake. Wengi wao walikuwa na bakteria mwingine, Acinetobacter, si Klebsiella, ndiyo maana bado tunahangaika.

Saa 4. Saa 18 ndani ya inkubeta zimetimia. Naweka pleti juu ya karatasi nyeusi: mistari 8, nguzo 12. Meropenemu inapungua nusu kwa nusu kwenda upande mmoja, kolistini kwenda chini. Kishimo kilicho safi kama maji ya kunywa, bakteria wameshindwa. Chenye kitone cheupe chini, kama uji ulioganda kwenye kikombe, wameota.

Peke yake, meropenemu ilihitaji mikrogramu 32 kwa mililita, kolistini 8. Zikiwa pamoja, kishimo chenye 4 na 1 ni safi! Gawa 4 kwa 32, gawa 1 kwa 8, jumlisha: 0.25. Jumla isipozidi 0.5 tunasema zinasaidiana. Nusura nipige vigelegele.

Ndipo nikaona D6, kishimo cha mstari wa D, nguzo ya 6. Ina kitone, na majirani zake wote ni safi, hata wenye dawa kidogo kuliko yeye. Pleti ya pili, ambayo ni pacha wake, inatoa 0.75: hazisaidiani, hazigombani. Rudia.

Saa 5. Daktari kapiga simu.
"Dada, vipi?"
"Bado dokta. Kesho saa 4 na nusu, Mungu akipenda."
Akanyamaza kidogo, akasema sawa. Dawa alishaanza kumpa mgonjwa tangu juzi, hawezi kungoja vishimo vyangu.

Saa 7. Wali maharage. Haraka.

Saa 8. Bakteria wapya kwenye maji ya chumvi, nalinganisha ukungu wao na mrija wa kipimo, kisha nazimua hadi kila kishimo kipate kama laki 5 kwa mililita. Kolistini nachanganya dakika za mwisho, maana inang'ang'ania plastiki: unachodhani umeweka sicho kilichobaki kwenye maji. Halafu pipeti, kifaa cha kunyonya na kudondosha matone yaliyopimwa. Siri yangu ni kisanduku cha tipu, vile vichwa vya plastiki vya pipeti. Nachomoa kwa mpangilio uleule wa pleti, hivyo pengo linaniambia nimefika wapi. Jana nilikuwa kwenye mstari wa D mtu alipoingia kuazima kalamu. Simlaumu. Ila leo mlangoni kuna karatasi: USIINGIE, NAHESABU.

Saa 10:20. Pleti tatu zimeingia, ya tatu ni ya bakteria wa kulinganishia, E. coli, ile ambayo majibu yake tunayajua. Ikikosea yeye, zote zinatupwa.

Natoka, nampa mlinzi wa zamu ya usiku namba yangu, anipigie umeme ukikatika.
"Hata saa 9 usiku, dada?"
Hata saa 9.