Siku Moja ya Zamu Yangu na Manusura

Saa 12:00 asubuhi. Siku ya zamu begi langu huwa tayari tangu usiku: nguo za kubadilisha za saizi mbili, chupi mpya, pedi, ndala, chupa ya maji, chaja, kalamu. Watu wakisikia tunahudumia manusura wa ubakaji na wa usafirishaji haramu wa binadamu hudhani tunavunja milango usiku na kuokoa mabinti. Sisi ni wajitoleaji wa mtaani. Kukamata ni kazi ya polisi, kutibu ni ya daktari. Yetu ni kusindikiza. Kabla sijaendelea niseme kwamba watu wa humu nimewachanganya na mambo yao nimeyageuza, mtu akisoma asijitambue wala jirani yake asimtambue.

Saa 1:20. Muuguzi anapiga. Kuna mama kaletwa na jirani yake, alibakwa jana usiku, hataki kusema na mtu. Nauliza, "Yeye mwenyewe ameomba mtu, au mmemwombea?" Anakwenda kumwuliza, kisha anapiga tena: nije, lakini nisije na maswali.

Saa 2:00. Ni mtu mzima, rika la mama yangu. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu kwa sauti iliyokauka, na kwa muda mrefu mazungumzo yetu ni hayo tu. Namwambia jina langu, kwamba mimi si polisi wala daktari, na kwamba akitaka niondoke naondoka bila kununa. Nakaa pembeni yake, si mbele yake. Kumkalia mtu mbele, uso kwa uso, kunafanana mno na mahojiano.

Tuna haraka moja tu, nayo ni dawa. PEP, ile ya kuzuia maambukizi ya VVU, inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara. Humezwa siku 28. Kwa anayeweza kushika mimba kuna vidonge vya dharura vinavyofanya kazi hadi siku 5, navyo vinafaa zaidi vikiwahi. Kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B na dawa za magonjwa ya zinaa. Anayefika baada ya hapo bado ana matibabu yake ya kupata. Nalisema hili kwa sababu wengi hujifungia ndani wakiamini muda umeshapita wa kila kitu.

Alikuwa ameshaoga. Jirani analia kwamba angemzuia. Namwambia kuoga hupunguza ushahidi lakini si lazima kuumalize, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kumlaumu mama kwa kutaka maji. Nguo alizovaa ziko kwenye mfuko wa plastiki. Muuguzi anazihamishia kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hufungia unyevu na unyevu huozesha ushahidi. Kisha anaandika tarehe, saa, na nani kampa nani.

Daktari anamweleza kila hatua kabla hajamgusa, na kwamba neno "basi" linatosha. Alilisema. Daktari aliondoa mkono palepale, akaandika kwamba hatua hiyo mgonjwa ameikataa, akauliza kama waendelee na inayofuata. Ningependa kila mwanafunzi wa udaktari angekuwepo. Nimeshakaa kwenye vyumba ambako mtu huambiwa "vumilia kidogo tu", na sioni tofauti kubwa kati ya maneno hayo na aliyoambiwa usiku uliopita.

Anavaa viatu, ghafla ananiuliza mwenyewe: "Mwanangu, mbona sikupiga kelele?" Namweleza ninavyojua: mwili ukizidiwa na hofu mara nyingi huganda, sauti ikakata, miguu ikakataa, na hiyo haikuwa ridhaa. Ananitazama kama mtu anayepima kama nadanganya. Sikuongeza neno.

Saa 5:00. Swali la polisi. Jirani anataka twende sasa hivi, na moyoni nami nataka. Aliyefanya hivyo anajulikana, yuko mtaani. Lakini ni mama huyu atakayelala jirani na familia ya mtu huyo. Namwekea mezani mambo yote mawili: akiripoti leo, kitakachofuata ni hiki na hiki, asiporipoti, rekodi ya daktari inabaki na matibabu yake hayasimami, kwa kuwa dawa hazipaswi kusubiri jalada la polisi. Anasema leo hapana. Jirani anakasirika, ananivuta kando kunilaumu kwamba sikumshawishi. Kweli sikumshawishi. Jana mtu alimwamulia juu ya mwili wake. Sitakuwa wa pili leo hata kama nia yangu ni nzuri. Ninachomwuliza ni usalama wa usiku huu: atalala wapi, nani ana ufunguo wa mlango wake, akitaka kuondoka ataondokaje. Atakwenda kwa dada yake.

Saa 7:00 mchana. Karatasi, kusubiri dawa dirishani, karatasi tena. Katikati ya hapo mfadhili mmoja anapiga: ana wageni, anaomba tumpelekee "mmoja tu" asimulie yaliyomkuta, sura watamficha. Nakataa. Anasema watu hawachangii wasipoguswa. Basi wasichangie.

Saa 8:30. Nyumba salama. Nateremka kituo kimoja kabla, simu nimeizima. Anwani hii hata mume wangu haijui.

Ninayekutana naye ni kijana wa kiume, jambo ambalo bado linawashangaza wengi. Aliahidiwa kazi ya huduma kwa wateja kusini mashariki mwa Asia. Alipofika pasipoti ikachukuliwa, akaambiwa ana deni la tiketi, la kitanda, la chakula, na deni halikupungua. Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya mpenzi wa watu mtandaoni hadi watume akiba zao. Asiyetimiza lengo alipigwa. Kuna majengo mazima ya namna hiyo Myanmar na Kambodia, na wanaokutwa ndani wametoka nchi nyingi sana.

"Dada, mimi si kama hao wengine," ananiambia. "Mimi nilienda mwenyewe. Mkataba nilisaini mwenyewe. Na watu nimewaibia."

Hapo nafungua daftari langu. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2000, inatazama mambo matatu: kitendo, kama kumsajili au kumsafirisha mtu, njia, kama nguvu, vitisho au udanganyifu, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Pale udanganyifu au nguvu ilipotumika, ule ukubali wake hauhesabiki. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 hata hiyo njia haihitajiki kuthibitishwa. Minyororo haimo, wala kuvuka mpaka si sharti la mtu kuwa amesafirishwa. Na kuna kanuni inayozidi kukubalika kwamba mtu asiadhibiwe kwa kosa alilolazimishwa kulitenda akiwa mateka, ingawa hili namwachia wakili, sitaki kumwahidi nisichokimiliki.

Anasikiliza, halafu anataja linalomuuma hasa. Aliyempeleka ni binamu yake. Nyumbani walikopa ili asafiri, na sasa mama yake anapiga simu kuuliza pesa zitaanza kutumwa lini. Mama hajui. Tunakaa na hilo karibu saa nzima: amwambie nini, kwa sauti gani, nani awe karibu na mama siku hiyo. Anajaribu sentensi, anazifuta. Mwisho anaamua kumwambia kwamba yuko hai, kazi ilikuwa ya uongo, na jina la binamu asilitaje kwanza. Mimi ningelitaja. Ila mama ni wake.

Wakati wa kuondoka anaomba abadilishiwe chumba. Cha sasa kinafungwa kwa nje. Linafanyiwa kazi papo hapo, na ufunguo anapewa yeye.

Saa 12:00 jioni. Kikao chetu na mshauri nasaha. Mwenzangu mmoja halali vizuri, anaona ndoto zisizo zake. Anaondolewa kwenye zamu kwa wiki kadhaa na hakuna anayemwita dhaifu. Mimi naambiwa nimeanza kujibu simu hata siku zisizo zangu. Sijafurahi kuambiwa.

Saa 2:40 usiku. Yule mama anapiga. Dawa zinampa kichefuchefu, anauliza kama aache. Namwomba asiache, hutokea kwa wengi, na asubuhi amweleze daktari, huenda akampa kitu cha kutuliza. Dada yake ameshajua, alimwambia mwenyewe. Kuhusu kwenda polisi, bado hajaamua, na nisimwulize tena, akiamua ataniambia.

Namwuliza kama kesho bado anataka tuongozane kwa mshauri nasaha. Anasema hapana, ataenda na dada yake; mimi nimtajie tu jengo na chumba. Nimemtajia.